Vidole Vinne vya Kukulia

Nianze na upumbavu wangu, maana wastaafu wengi huuficha. Siku yangu ya kwanza kazini nilipima watoto kumi wa kijiji cha Kiwangwa, nikamwongezea kila mmoja vidole vinne kiunoni na vinne urefuni, wala sikumwambia mtu.

Kazi yenyewe ilikuwa likizo ya Desemba, katika duka la ushonaji la Mzee Athumani hapa Bagamoyo. Duka lilifunguliwa mwaka wa Uhuru, miaka kumi na minne iliyopita, mimi nikiwa natambaa, na cherehani zake za kukanyaga bado ni zilezile. Kila Alhamisi baada ya sala ya adhuhuri kazi za wateja zilisimama. Mzee alitoa jora la kaki, mafundi wakatoa mikono yao, zikashonwa sare za watoto wasio na wa kuwashonea. Hakuna aliyelipwa, wala aliyethubutu kuuliza.

Cheo changu cha kwanza kilikuwa Mpimaji. Kule Kiwangwa kila mama alininong'oneza niongeze kidogo, mtoto atakua. Niliwaelewa. Kaptula yangu mwenyewe mama aliagiza iwe ya kukulia nikiwa darasa la nne. Leo niko kidato cha kwanza na bado naifunga kwa kamba. Aliyenisihi zaidi ni bibi yake Shabani, yatima wa darasa la pili. Mwalimu mkuu alikwisha kumrudisha nyumbani mara mbili, akasema shule ikifunguliwa asije tena bila sare.

Jumamosi, zikiwa zimebaki siku mbili shule ifunguliwe, bibi alikuja na mjukuu wake kuchukua mzigo wa sare za wote. Shabani akajaribu yake. Miguu yote miwili iliingia kwenye mguu mmoja wa kaptula, na nafasi ikabaki. Nilicheka kuliko wote. Yeye hakucheka.

"Kaka," aliniuliza, "na hii watanikubali?"

Hapo kicheko kiliniishia.

Mzee Athumani alimgeukia Fundi Rajabu, mkataji, yaani mwenye chaki na mkasi, akamuuliza aliongeza kiasi gani.

"Vitatu, Mzee. Ni sadaka, niliona nisiwabane."

Kisha Mzee akanitazama mimi. Nikasema vinne. Mzee akakiri kwamba naye aliwaambia washonaji waache pindo pana.

"Basi tumemshonea mtoto hema," alisema. "Fumueni zote. Lori la kurudi Kiwangwa linaondoka alasiri."

Koti la bwana harusi mmoja likawekwa kando. Nikahamishiwa idara ya ufumuaji, yaani kukata nyuzi kwa wembe bila kuchana kitambaa. Kazi ya kuinama, na hakuna anayekusifu. Rajabu alikata upya, kila mguu ukakanyaga cherehani, na lori lilipopiga honi mara ya pili Shabani alitoka mbio amevaa kaptula yake, imemkaa kiunoni, bibi yake nyuma na furushi kichwani.

Nilistaafu siku hiyohiyo. Nikiutafakari utumishi wangu, naona dukani wote tulikuwa na huruma, ila hakuna aliyemuuliza mwenzake. Vipande vilivyobaki vilitosha kaptula moja zaidi, na Mzee akasema ni haki ya mstaafu. Nilikuwa nimekwisha kusimama nipimwe mama alipoingia kunichukua. Alimwamkia Mzee, akakitazama kitambaa, akaitazama kamba yangu.

"Mpeni mtoto mwingine, Mzee wangu. Ya huyu nilimwongezea mwenyewe, bado ina miaka miwili."