Evarist amerudi kwenye vyuma, kaka yake hajarudi

Kunapambazuka Haydom, na baridi ni ile ya kumfanya mtu aongee huku mikono ameificha kwapani. Nyuma ya nyumba ya kupanga, jirani na stendi, Evarist Sulle amelala chali kwenye benchi la mbao. Anashika bomba la chuma lenye kopo la zege kila mwisho, analishusha hadi kifuani, analipandisha. Anarudia mara chache tu, kisha analirudisha kwenye nguzo zake kabla mikono haijachoka.

"Zamani nilikuwa nabeba mara mbili ya hiki," anasema akijifuta jasho. "Sasa hivi naogopa. Kikinilemea, nani atakidaka?"

Wanaonyanyua vyuma wanajua kwamba anayelala chali huwa na mwenzake anayesimama upande wa kichwani, tayari kukishika chuma mikono ikigoma. Kwenye benchi la Evarist mahali hapo pamebonyea kwa miguu ya mtu aliyesimama miaka mingi. Ni miguu ya Basili, kaka yake. Sasa majani yameanza kuota hapo.

Evarist ana umri wa miaka 34 na kazi yake ni kubeba wagonjwa. Mabasi yanayoingia Haydom kutoka Balangdalalu, Gehandu na hata Singida hushusha watu wasioweza kutembea hadi hospitali. Yeye huwapokea mlangoni pa basi, huwaweka mgongoni na kuwafikisha getini. Siku nzuri hupata shilingi elfu kumi na tano. Siku mbaya anaambulia asante, na hajawahi kumwacha mtu chini kwa sababu hiyo.

Filomena, anayepika chai na chapati pale stendi, amemtazama kwa miaka. "Evarist ana adabu ya kubeba," anasema. "Hambebi mtu kama gunia la mahindi. Bibi akishuka, anamwamkia kwanza, shikamoo, ndipo anampa mgongo."

Kisha anashusha sauti. "Walikuwa wawili, yeye na Basili. Mgonjwa wa kulala walimbeba kwa machela, mmoja mbele mmoja nyuma. Nilikuwa napakua sahani mbili bila kuuliza. Mpaka leo kuna siku najisahau, napakua mbili."

Kisa cha ndugu hawa kutengana kimeanzia kichwani, tena kichwani hasa. Evarist akiwa mtoto mdogo, nyumbani kwao Gehandu, alivuta sufuria la uji likammwagikia. Alipona, lakini nusu ya utosi wake ilibaki kovu linalong'aa, lisiloota hata unywele mmoja. Shuleni walimcheka vya kutosha. Alikua akivaa mzula mvua na jua, kanisani akiuvua kwa shingo upande.

Mama yake, Bernadina, hakujisamehe. Siku ile alikuwa ametoka kidogo kufungulia ndama. Kila mwaka alimfumia mwanawe mzula mpya, na kila mara alimpa akiwa anatazama pembeni.

Aliposikia kwa muuguzi mmoja kwamba siku hizi kuna madaktari wanaopandikiza nywele hata juu ya kovu, mama huyo aliuza ng'ombe wake wawili. "Aliniambia, nenda, nikuone na nywele kabla sijafa," anasimulia Evarist. "Akasema tusimwambie mtu. Watu watacheka, mwanaume mzima anaenda hospitali kwa ajili ya nywele, wakati wenzake wanaletwa kwa mkokoteni."

Akaenda Dar es Salaam, kwenye kliniki moja. Wakachukua nywele za kisogoni, wakazipanda kwenye kovu moja baada ya nyingine. Alirudi na masharti: asinyanyue kitu kizito, asitoe jasho jingi, na kwa miezi kadhaa wembe usiguse pale. Kwa Basili alisingizia maumivu ya mgongo.

Alikuwa bado anahesabiwa mgonjwa pale simu ilipotoka Gehandu. Mama ameanguka, na hakuinuka tena.

Msibani, Evarist, mtu ambaye wilaya nzima inajua mgongo wake, hakushika jembe kaburini. Hakubeba jeneza. Alitembea nyuma na wanawake, mzula umeshuka hadi kwenye nyusi, na alilia kwa namna mbili, kwa kufiwa na kwa aibu.

Lakini lililouma zaidi lilikuja siku ya kunyoa. Katika ukoo wao, watoto wa marehemu hukaa nje kwa mpangilio wa kuzaliwa, na kila mmoja humnyoa anayemfuata. Basili ndiye anayemtangulia Evarist. Aliponyolewa, aliuosha wembe, akalivuta beseni karibu, akasubiri. Evarist alibaki mlangoni. Alitikisa kichwa, akaingia ndani.

"Nilitakiwa kusema," anakiri. "Maneno mawili tu. Lakini wote walikuwa wananitazama, na mama aliyejua siri hiyo alikuwa amelala kaburini. Ningemtaja, wangesema namsingizia marehemu."

Tangu hapo Basili hajarudi stendi. Amebaki Gehandu akilima shamba la mama. Wakikutana mnadani, Evarist humwamkia shikamoo, naye hujibu "haya", kisha anapita. Asiyejua uzito wa marahaba iliyokataliwa na awaulize watu wa huku.

Basili alimpokea mwandishi kwa maziwa na kiti. Alikuwa akipukuchua mahindi, na hakuacha. "Mimi na Evarist tuna kimo kimoja," alisema. "Bega lake lilikuwa la upande wa pili wa jeneza. Akawekwa binamu yetu mfupi. Mama alienda amelala upande njia nzima. Halafu baada ya miezi naona mtu ameota nywele. Kumbe alikuwa anatunza nywele."

Aliendelea na mahindi. Baadaye, bila kuinua uso, aliuliza: "Bado analala kwenye lile benchi peke yake?"

Alipojibiwa ndiyo, alisema tu: "Mwambie aache."

Ana sababu ya kusema hivyo. Evarist aliporuhusiwa kurudi kwenye mazoezi, alianza kwa uzito uleule wa zamani, kama vile hakuna kilichobadilika. Mikono iligoma. Chuma kilimlalia kifuani, na alikuwa anasikia mabasi yakiingia stendi na watu wakicheka upande wa pili wa ukuta. Hakuita. "Jina lililonijia mdomoni ni la Basili," anasema, "na Basili hayupo." Alikiviringisha taratibu hadi tumboni, akajiinua. Alama ilikaa wiki nzima.

Leo nywele zimejaa. Ni fupi, laini, na mtu asiyejua hawezi kuona kovu. Mama hakuziona. Alipofariki, zile zilizopandwa zilikuwa zimepukutika zote, kama daktari alivyosema zitapukutika kabla ya kuota upya. Mara ya mwisho alipomfunua mwanawe kichwa, aliona kovu lilelile.

Mwezi ujao ni misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja. Kliniki imemwambia mizizi imeshika, hata zikinyolewa zitaota tena. Kwa hiyo Evarist atakwenda Gehandu bila mzula, na atanyolewa mbele ya ukoo wote, kovu nje, pale pale alipokataa kukaa.

Aliombwa kuthibitisha kama kweli haya yote yaandikwe. "Andika. Basili anasoma gazeti mpaka matangazo ya vifo. Mimi mdomo wangu mzito, atasoma kabla sijafika."

Alipoelezwa lile neno la kaka yake kuhusu benchi, aligeuka akawa anafuta chuma ambacho hakikuwa na vumbi. Mwandishi akajitolea kumsimamia kichwani asubuhi ile. Evarist alimtazama mikono, akatabasamu, akasema tusije tukapelekwa hospitali wote wawili na asiwepo wa kutubeba.

Honi ya basi la kwanza ikasikika. Alivaa shati, akaanza kutembea kuelekea stendi.

"Wembe nimenunua mwenyewe," alisema. "Nitamwambia, shikamoo kaka, nimekuja. Akiitikia marahaba, nitashukuru. Asipoitikia, nitakaa pale mbele yake niinamishe kichwa, nisubiri, kama alivyonisubiri."