Nailoni Juu ya Kitanda cha Mama

Mwishoni mwa miaka ya themanini nilijenga nyumba ya matofali ya kuchoma kule Kituntu, nikaiezeka mabati. Niliijenga kwa ajili ya mama. Alikuwa bado anaishi katika msonge, nyumba yetu ya nyasi ya mviringo, moto ukiwaka katikati kutwa nzima, na kifua chake kilikuwa kibovu. Pale zahanati walisema moshi ndio unaommaliza. Mama alikubali kuhama kwa shingo upande, akaweka sharti moja.

"Nisidondokewe," alisema.

Alijua anachosema. Huku kwetu asubuhi za baridi bati hutoka jasho. Pumzi za watu na mvuke wa chungu cha ndizi hupanda, hukutana na bati lililopoa, na kabla jua halijachomoza matone yanaanguka kitandani. Jirani yangu mwenye mabati alikuwa anaanika blanketi kila asubuhi, na watoto wake walishaacha kukojoa kitandani zamani.

Nikaamua kujaza nyasi chini ya bati zizuie baridi, na kutandaza nailoni izuie maji. Hapo ndipo nilipopotea. Nailoni ikae juu ya nyasi, au chini yake?

Fundi, mtu wa Bugomora mwenye maneno mengi, alikuwa juu ya kenchi za paa nilipomuuliza.

"Juu, mzee! Matone ya bati yaikute nailoni, yateleze mpaka nje. Wewe koti la mvua unalivaa ndani ya shati?"

Nikaona anasema kweli. Jioni akaja shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliyekuwa akitunza ghala la kahawa. Akacheka mpaka akashika mbavu.

"Shemeji, huyo anakujengea au anakuchezea? Unyevu unatoka ndani, unapanda. Ukishaingia kwenye nyasi utautoa na nini, kijiko? Weka nailoni chini, mvuke ukomee hapo."

Naye nikaona anasema kweli. Nilikuwa nimesoma sekondari. Nilimkumbuka vizuri mwalimu wa fizikia akichora mvuke ubaoni kwa mishale, ila sikukumbuka mishale ilielekea wapi. Nikaenda kumuuliza mama.

"Nyasi zinataka moshi zisioze," alinijibu kwa Kinyambo, lugha yetu, bila kuacha kumenya ndizi. "Unaniondolea moshi, halafu unaniuliza habari za mifuko?"

Basi nikaweka nailoni mbili, moja juu ya nyasi na moja chini. Nilijiona nimewaridhisha wote.

"Mzee, kwani tunamfunga nani humu?" fundi aliuliza.

"Wewe pigilia misumari."

Halafu nyasi zenyewe. Za kuezekea hukatwa kiangazi, zikiwa ngumu na kavu. Lakini sisi mgeni wa heshima tunamtandikia sakafuni nyasi laini, mbichi, zenye harufu nzuri, zinazokatwa asubuhi na umande wake. Nikafikiri mama akilala chini ya harufu ile atausahau msonge. Nikaagiza hizo.

"Baba watoto, hizi si za sakafuni?" mke wangu aliuliza alipoona mizigo inaingia.

"Safari hii zinapanda juu."

"Na umande?"

"Utakauka."

Utakaukia wapi, katikati ya nailoni mbili, sikujiuliza.

Siku za mwanzo nyumba ilinukia vizuri. Mama alihamia, akawaita wanawake wenzake waje kunusa. Nami nikaubomoa msonge upesi, asije akashawishika kurudi. Kisha harufu ikageuka, ikawa kama rubisi, pombe yetu ya ndizi, iliyochacha. Nailoni ya chini ikaanza kutuna kwa maji, ikaning'inia kama tumbo la ng'ombe. Nilikuwa naitazama kila siku bila kuelewa maji yale yanatoka wapi, kwa sababu mvua haikuwa imenyesha.

Asubuhi moja ya ukungu ikapasuka. Nilimkuta mama amesimama kwenye kona, nguo zimemganda mwilini, maji meusi yenye vipande vya nyasi vilivyooza yakimtiririka kichwani. Alikohoa kwanza, muda mrefu, ndipo akaniangalia.

"Kweli sikudondokewa," alisema. "Nimemwagiwa."

Siku hiyohiyo alihamishia kitanda jikoni, kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, penye moto na moshi uleule. Mimi na fundi tukatoa kila kitu. Tukaweka nyasi kavu, nailoni moja tu ya chini, na dari ya matete. Kwa nini nilichagua ya chini siwezi kueleza. Nadhani nilikuwa nimechoka kuuliza. Masika ikapita bila tone kuanguka ndani. Sijui hata leo kama ni nailoni, ni matete, au ni upepo tuliouachia njia pembeni mwa paa.

Nikamwita mama aje aone. Alipapasa ukuta, akatazama juu kwa muda, akapitisha kiganja juu ya godoro.

"Pamekauka. Umefanya vizuri, mwanangu."

"Basi tulete kitanda."

"Leteni chenu. Mimi nimeshazoea kule."

"Na kifua, mama?"

"Kifua ni changu."

Akashika fimbo yake, akavuka ua kurudi jikoni. Hakulala tena chini ya bati lile mpaka alipofariki. Chumba tulikichukua mimi na mke wangu. Tulilala pakavu, na kila asubuhi nilikuwa naamshwa na kikohozi chake ng'ambo ya ua.