Trekta langu la mkono, magurudumu ya chuma na kikao cha mtaa wetu Pangani ya Kibaha

Wakuu, heshima yenu. Na wajukuu mliomo humu, marahaba kabla hamjaniamkia.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Sijaongeza kitu, wahusika wote wapo hai na wengine wanasoma humu humu.

Nina trekta la mkono, hilo mnaloliita pawatila, unatembea nyuma yake umelishika. Nililinunua Kisarawe kwa Mzee Kondo Mwinyimvua, akanipa na vifaa vyake: plau, visu vya kusagia udongo, na magurudumu mawili ya chuma yenye meno, ya kuingilia topeni.

Kule Kisarawe nilipita nalo popote, hakuna wa kukuuliza.

Baadaye nikahamia Pangani ya Kibaha (si ile ya Tanga, msije mkapotea) kwa binti yangu Zuhura. Bondeni nina kishamba cha mpunga. Magoti yangu jembe yameshalikataa, kwa hiyo bila hilo trekta mimi silimi.

Sasa, barabara ya mtaa wetu tuliitengeneza wenyewe kwa msaragambo. Tulibeba kifusi Jumamosi nne. Waliokuja nawakumbuka wote kwa majina. Wasiokuja nawakumbuka zaidi, ila leo nawasitiri.

Tulipomaliza tukapitisha sheria: malori ya mchanga marufuku, na chochote cha chuma kinachochimba barabara marufuku.

Mimi mwenyewe nilinyoosha mkono. Nilikuwa nawaza malori tu, trekta langu wala sikulihesabu.

Magurudumu ya chuma alikuwa ananifungia fundi Rajabu wa Mlandizi, pale pale nyumbani. Kwenda kuyafungia bondeni niliona usumbufu. Basi natoka nayo nyumbani, natembea ukingoni mwa barabara, najiambia ukingoni si barabarani.

Asubuhi moja nikasikia maji yanaruka nyuma yangu.

Nilikuwa nimekata bomba la Mama Doreen, mwalimu mstaafu. Lilikuwa limefukiwa juu juu. Nyumba tatu zikakosa maji: ya kwake, ya Shabani Mkumba, na ya wapangaji Neema na Jackline. Jackline alitoka nje na povu kichwani, ananiangalia tu.

Bomba lilirudi siku ile ile, kipande nilinunua mimi na Rajabu akaunga. Lakini maneno hayakuisha. Kwenye grupu la mtaa wakaanza kusema trekta liondoke kabisa. Na mvua ndiyo hiyo inakaribia.

Kikao kikaitishwa. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Kibwana, ni kijana wa adabu, aliniamkia kwanza ndipo akanisomea makosa yangu.

Sikubisha. Nikasema sheria niliipitisha mwenyewe na nimeivunja mwenyewe. Ninachoomba ni trekta lipite na matairi ya mpira, chuma nitafungia bondeni.

Wakauliza nani atafunga, maana Rajabu anakaa Mlandizi. Nikawaambia nitafunga mimi.

Watu wakacheka. Mama Doreen hakucheka.

"Bi Sikudhani, mimi nakuheshimu," akasema. "Lakini siku magoti yakiuma na Rajabu hayupo, utapita na chuma tena. Tuoneshe kwanza."

Wakakubaliana: Jumamosi, bondeni, mbele ya wajumbe. Nikishindwa, trekta linarudi Kisarawe.

Wiki nzima nilijifunza uani. Unaweka gogo chini trekta lisimame, unachomoa pini, unatoa tairi, unaingiza la chuma, unarudisha pini, unakaza. Nilifunga na kufungua mpaka mikono ikazoea.

Kosa langu ni moja. Sikuwahi kuwasha injini nikajaribu kutembea nalo. Uani pana sakafu, Zuhura angenitoa mimi na trekta langu.

Jumamosi ikafika. Wajumbe wamekaa kwenye tuta, Mama Doreen na mwavuli wake. Nikabadilisha magurudumu bila kuguswa na mtu. Nikawasha, nikaingia topeni.

Trekta likazungusha magurudumu pale pale, linazidi kuzama.

Shabani akauliza, "Bibi, hilo linalima au linaoga?"

Wakacheka sana. Kibwana akafunga daftari lake taratibu, naona kabisa anaona haya kwa niaba yangu.

Nikatia rivasi. Likatoka topeni lenyewe, laini kabisa. Hapo nikaelewa. Meno yalikuwa yameangalia nyuma. La kulia nilikuwa nimelifunga kushoto, na la kushoto kulia.

"Kibwana mwanangu, usifunge daftari," nikamwambia. "Nimekosea, sijashindwa."

Nikakaa chini na gauni langu, nikaweka gogo, nikafungua yote mawili, nikayabadilisha upande. Safari hii hakuna aliyecheka. Nikawasha, nikaingia, nikalima mpaka mwisho wa jaruba nikageuza.

Niliporudi, wajumbe walikuwa wanabishana, wengine wanasema mara ya kwanza ilishaharibika. Mama Doreen akawakatiza.

"Angefunga vizuri mara moja ningesema amekariri," akasema. "Kakosea, kaligundua kosa mwenyewe, kalirekebisha mwenyewe, simu kwa Rajabu hajapiga. Na bomba lililokatwa ni langu. Andika linapita."

Kibwana akaandika: trekta la mkono litapita na matairi ya mpira, chuma kitafungwa na kufunguliwa bondeni, kwa mtu yeyote.

Nilichojifunza, wakuu. Watu wa mtaa wakikukatalia jambo, usiwatangulizie umri wako wala shida zako. Tafuta wanachokihofia. Mama Doreen hakulichukia trekta, alihofia siku nitakayokuwa peke yangu na nimechoka. Nilipolijibu hilo, yaliyobaki yakaenda yenyewe.

Na magurudumu yenu yapakeni rangi, kulia rangi moja na kushoto nyingine, kabla hamjaenda kuchekwa mbele ya wajumbe.

Wenye matrekta haya Kibaha, Kisarawe na kwingineko, kwenu sheria zikoje? Mnafungia wapi chuma? Na anayejua namna ya kuzuia zile pini zisishike kutu anisaidie, zinanitesa.

Mpunga umeshachomoza. Nawasikiliza.