Fulari ya Mguu wa Kuku

Mimi niliamini, tena kwa moyo wote, kwamba fulari ya jirani yetu, kitambaa cha kujifunga kichwani au shingoni, inajua njia ya nyumbani. Ilikuwa na alama za mguu wa kuku, na sisi batoto ba Kimemi, mtaa wetu wa Butembo, tulijua: kuku, hata azurure wapi, jioni atarudi kwao. Basi mwenye kuivaa hapotei! Usicheke, ndugu yangu. Nimesoma masomo ya jioni mpaka diploma, na diploma haikunitoa ile imani.

Jirani alizitengeneza mwenyewe uani kwake, kwenye pamba tupu isiyo na dawa. Alichemsha mbegu za avoka, yaani parachichi, ndani ya sufuria ambamo, nakwambia, ng'ombe angeogelea, mpaka maji yakawa mekundu kama barabara yetu. Akatia unga wa muhogo kidogo ili rangi ishike. Kisha akakata kiazi, akachonga, akachovya, akapiga kwenye kitambaa: pu, pu, pu. Kiazi kikilegea, kazi imekwisha. Fulari chache tu, basi, na moja akanifunga mimi shingoni. Viazi vilivyobaki tulikula na chumvi. Hata leo nikiona rangi ile nasikia njaa.

Vita vilinikuta Alimbongo kwa koko, mama wa mama yangu, tunavuna viazi. Risasi zikalia, watu wakamwagika barabarani, mkono wa koko ukaniponyoka. Nililia mpaka Uganda walinisikia. Mama alikuwa Butembo, na mimi sikujua hata Butembo iko upande gani. Nikashika fundo la fulari shingoni, nikasema: "Kuku, twende."

Na ikanivuta, haki ya Mungu! Sikukosa mama wa viazi mbele yangu, anapeleka mzigo sokoni, kamba ya kikapu kwenye paji la uso. Mmoja alinipa kiazi cha moto. Kijijini Kipese, mama mwingine akanilaza kwake, asubuhi nikafuatana na mwenzake. Kila mmoja alitazama shingo yangu kwanza, uso baadaye. Nikafikiri wanaionea fulari yangu wivu.

Nikatokea mlangoni kwa jirani, na Mama alikuwa pale. Alinipiga kofi, halafu akanifunika uso na kikwembe alichojifunga kiunoni, tukabaki hivyo.

"Ulikuwa wapi, weye?"

"Kuku imenileta, Mama."

Koko alifika baadaye, naye akamshukuru kuku.

Juzi nilimtembelea jirani, sasa mzee, mjini Beni kwa binti yake. Ule ua wa Kimemi umekuwa duka, muavoka umekatwa, na fulari za sokoni zinakuja kwa mabunda, maua yote mamoja. Nikamwomba anichongee moja tu ya mguu wa kuku: binti yangu anakwenda kusoma mbali, nisimpoteze.

Alicheka mpaka akajifuta macho.

"Lakini, mutoto yangu, kitambaa haina macho. Ile mguu wa kuku nilipigiaka nyumba yenu tu, na kila nyumba alama yake. Bamama benye banaletaka viazi kwangu balizijua zote. Balikuona, bakakupeanisha mukono kwa mukono mpaka ukafika."