Akaunti ya Muuguzi Aliyestaafu

Nilimwahidi muuguzi mkuu wa hospitali yetu, siku alipostaafu, kwamba jina lake halitafanya kazi kwenye kompyuta bila yeye. "Mwanangu, ukifunga mlango, ufunge kweli," aliniambia. Mimi ndiye mtunza kanzidata, hifadhi ya taarifa za wagonjwa kwenye kompyuta. Niliahidi, kisha nikachelewa: kuifuta akaunti ya mama aliyenipokea kazini niliona ni utovu wa adabu.

Miezi michache baadaye, mzazi mmoja kutoka Magu aliuzuia mkono wa muuguzi aliyetaka kumchoma mwanawe sindano wodini. "Dawa hiyo inamdhuru huyu. Asiyedhurika ni pacha wake." Kwenye kompyuta kulikuwa na faili moja tu, lisilo na onyo lolote. Watoto wawili walikuwa wamefanywa mmoja.

Niliijua amri iliyofanya hivyo, kwa kuwa niliiandika mimi. Imehifadhiwa ndani ya kanzidata. Ukiiita, inaunganisha mafaili yanayojirudia. Hailinganishi jina la kwanza, maana kwetu mtu huandikishwa leo kwa jina la ubatizo, kesho kwa jina la Kisukuma la nyumbani. Hutazama tarehe ya kuzaliwa, jina la baba na kijiji. Ndiyo maana muuguzi mkuu peke yake aliruhusiwa kuiita, akishawatenga mapacha kwa macho yake.

Kumbukumbu za mfumo zilionyesha akaunti yake, Jumanne saa nne asubuhi. Yeye alikuwa shambani Misungwi. Nikaanza kutazama vidole vya wenzangu kwenye kibodi, nikijiuliza ni nani aliyeingia kwa jina lake. Niliyemshuku zaidi ni karani wa masijala, kwa sababu tu alinisalimia kwa uchangamfu mno.

Nilipomuuliza, hakukana. "Nani hapa hatumii akaunti ya mama? Nenosiri liko nyuma ya kalenda. Mafaili yakijirudia, foleni haisogei. Kwa jina langu amri inakataa, kwa lake inakubali. Kutumia jina lake tunakuita kuipigia amri shikamoo."

"Ulijua yuko Misungwi."

"Wewe hukujua?"

Nilitenganisha mafaili, nikampigia simu mama mstaafu.

"Shikamoo. Sikufunga akaunti yako, na mafaili ya watoto mapacha yakaunganishwa."

"Marahaba. Mtoto je?"

"Hakuchomwa."

"Basi funga."

Nilifunga. Sasa amri ile, kabla ya hatua yoyote, huthibitisha kwamba anayeiita yuko kazini na ana ruhusa. La sivyo, husimama. Hata hivyo, kila asubuhi nasoma orodha ya walioiita, nikilishuku kila jina, langu likiwemo.

Kama kazini kwako kuna akaunti ya mtu aliyeondoka, naomba umwambie mhusika aifunge leo.