Makombo ya Sikukuu ya Mavuno

Namshukuru Mungu kwa mengi, likiwemo jiko la gesi lililoondoa moshi nyumbani kwetu Kitale. Mke wangu ana kifua kibaya, na daktari wa Bungoma alimkataza kabisa kukaribia kuni. Ndipo tukajengewa mtambo nyuma ya nyumba, shimo la matofali lenye kifuniko. Kila asubuhi nilimwaga humo ndoo moja ya maganda na mboga zilizooza kutoka sokoni, zikachacha na kutoa gesi. Kikohozi chake kikatulia.

Ikaja sikukuu ya mavuno kanisani. Ugali na wali ukabaki sufuria kwa sufuria, na akina mama wakauliza ni nani mwenye nguruwe. Mimi ni mzee wa kanisa. Nimelelewa nikijua kwamba makombo ya baraka hayatupwi.

"Leteni kwangu," nikasema.

Nikayamimina yote mtamboni mchana mmoja, kwa furaha.

Siku ya nne moto ulififia. Siku ya sita haukuwaka. Nikamwita fundi aliyetujengea, mama wa kutoka Myanga. Alifungua kifuniko, akanusa, akarudi nyuma.

"Mzee, si nilikuambia ndoo moja? Umelisha nini?"

"Chakula cha sadaka."

"Ati sadaka! Hata sadaka huvimbisha tumbo, bana. Ugali mwingi hivi umeleta asidi, na vijidudu vya kutengeneza gesi vinakufa. Usiupe mtambo kitu ila samadi mbichi na maji kidogo."

"Mpaka lini?"

"Mwezi, labda zaidi. Ukikataa, tutaumwaga tuanze upya."

Nilimwambia mke wangu kwamba kosa ni langu.

"Najua," akajibu. "Nilikuona ukibeba sufuria huku unaimba."

Kwetu mwanamume wa umri wangu hakai kwenye mafiga. Nilikaa. Jirani alichungulia uani akacheka mpaka akashika ua. Mke wangu nilimweka barazani, lakini moshi ulimfuata huko huko.

Leo ni wiki ya tatu. Asubuhi nimeomba, nikafungua gesi, nikawasha kiberiti. Mwali wa buluu umetokea, ukatetemeka, ukazimika. Nimerudi kwenye kuni.

"Baba," mke wangu ameniita kutoka barazani, "leo usiunguze ugali tena..."

Kikohozi kikamkatiza.