Sauti ya Pili Kwenye Albamu Yangu

Admin, jina langu lifiche na mtaa usiutaje, Ujiji tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na moja, sijaoa, naishi na mama yangu mzazi. Asili yetu ni ng'ambo, Kongo. Tulivuka ziwa wakati wa vita nikiwa mtoto wa darasa la pili, tukakaa kambini miaka mingi, mwishowe mjomba, kaka yake mama, akatuleta mjini.

Katika kuvuka tulimpoteza kaka yangu. Boti lilijaa kupita kiasi, likapinduka karibu na kijiji cha Mwamgongo, upande huu wa ziwa. Wavuvi walituokoa sisi, yeye hakuonekana. Jina lake sitaliandika, mtaelewa kwa nini. Katika ukoo wetu mtu akizama na maji yasimrudishe, watu wazima husimama ufukweni wakamwita kwa jina mpaka aelee. Watoto hawaruhusiwi kuita. Mimi nilifunikwa kanga, nikakalishwa nyuma ya mitumbwi, nikawa namsikia mama akiita mpaka sauti ikamkauka. Hakuelea. Mjomba alikuja kutoka Ujiji akasimamia mila: kipande cha mgomba kikavishwa sanda, kikazikwa kwa jina lake, matanga yakaanuliwa. Baada ya hapo jina lile haliitwi tena, maana aliyezikwa akiitwa hapumziki.

Gitaa nilijifunzia kwenye kwaya kambini. Ila muziki ulioniteka ni ule mzito wa polepole, ngoma inatembea kama watu waliobeba jeneza. Wenyewe wanauita doom metal, na wangu ni ule wa progressive, yaani wimbo mmoja unageuka geuka mara nyingi kabla haujaisha. Sina bendi. Kila kitu napiga mwenyewe chumbani, magodoro nimeyasimamisha ukutani, nasubiri mashine ya kusaga ya jirani izimwe ndipo narekodi.

Mwaka jana nikatoa albamu kuhusu safari ile, nikaiweka mtandaoni. Kwenye wimbo wa mwisho nilifanya nilichokatazwa utotoni: nilimwita kaka yangu. Kwa jina lake, kwa sauti yangu, tena na tena, gitaa likififia. Nilijiambia chumba si ziwa.

Watu wa hapa walinicheka. Mmoja aliandika, "Kaka, hizi nyimbo zinaenda taratibu hivi, au umeme wa luku umeisha?" Wengine wakasema ni muziki wa kuzimu. Nje ya nchi wahakiki wa muziki huu waliisikiliza. Wa kwanza aliniponda bila huruma: ngoma zangu za kompyuta zinalia kama debe, na wimbo wa mwisho ni mrefu bila sababu. Iliniuma. Wa pili aliisifu mpaka nikaona aibu. Alisema sehemu iliyomnyima usingizi ni mwishoni, pale sauti ya pili, nyembamba, ya mvulana, inapoitika kutoka mbali. Akauliza mwimbaji huyo ni nani.

Ndugu zangu, hakuna sauti ya pili. Niliimba peke yangu.

Kesho yake mchana niliufungua wimbo kwenye kompyuta, nikaweka spika, nikawa nasikiliza mwisho wake tu, narudia. Sikusikia kitu zaidi ya mimi. Mama alikuwa uani anachambua dagaa. Nilikuwa sijamwambia habari za mhakiki, na wimbo wenyewe nilikuwa namficha. Nikashtukia yuko mlangoni, mikono ina magamba.

"Rudisha," akasema.

Nikarudisha. Akasikiliza amefumba macho, kisha akakaa chini.

"Anaitika. Nimemusikia na masikio yangu. Ni yeye."

"Mama, ni sauti yangu ile inajirudia."

"Sauti yako mi naijua. Yake pia naijua. Nimewazaa wote wawili."

Tangu siku hiyo kila mchana anakuja chumbani na kigoda chake kuusikiliza, na akimaliza anatabasamu. Mama yangu hakuwa mtu wa kutabasamu. Sasa anasema tulizika mgomba kwa jina la mtu aliye hai, anataka twende Mwamgongo kaburi lile lifukuliwe.

Mjomba alipopata habari alikuja mbio. Hakufoka. Aliniambia, "Mwanangu, sisi tulimfungia njia kwa heshima, wewe umeifungua. Ufute huo wimbo kila mahali. Jumamosi nakuja na wazee, tumzike tena. Usipofuta, mimi katika nyumba hii sitakanyaga." Na ndiye aliyetutoa kambini, ndugu zangu. Hatuna mwingine.

Mama alimsikia. Alipoondoka aliniambia maneno ambayo hayanitoki kichwani: "Ukiuzima, mara ya kwanza maji ndiyo yalimuchukua. Mara hii ni wewe."

Wasikilizaji wameongezeka kwa sababu ya ule uhakiki. Kila siku wananiandikia, wako wanaosema wameisikia sauti hiyo na wako wanaosema hakuna kitu. Siwajibu. Nimesikiliza kwa hedifoni, nimesikiliza nikiwa nimelala sakafuni, nimesikiliza nikilia. Sisikii.

Na niwaambie ukweli ambao sijamwambia mtu. Kuna wakati natamani kuufuta, na si kwa sababu ya mila wala mjomba. Ni wivu. Miaka yote hii nilitamani kumwita. Nimemwita mimi, akaitika, na hajaitika kwangu.

Jumamosi inakaribia. Nikiufuta namnyang'anya mama mtoto wake, nikiuacha nampoteza mjomba, na labda namzuia kaka yangu kupumzika. Nishaurini, nifanye nini? Ila tafadhali msiniombe linki ya wimbo. Sitaki mtu mwingine aje kuniambia amemsikia.